Jabali Hazeeki

Bi Mashavu, mjane aliyewashonea watu vitabu, aliusukuma muswada kwa ncha ya kidole kama samaki aliyevunda.

"Sishoni."

"Bi Mashavu, kesho nakisoma mbele ya watu!" alimaka Bwana Shaame, mtunzi. "Buku la tisa hili!"

"Tisa! Huyo shujaa wako Jabali kazika wafalme saba, na bado anaruka kuta. Nabii Nuhu mwenyewe alikufa, sembuse huyo bwege?"

"Ni hadithi tu, bibi."

"Na mkewe? Umemzeesha, ukamuua kwa kikohozi, nusu mstari. Ukurasa unaofuata bwana yuko vitani, anacheka. Mimi nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Yeye hakukosa hata usingizi wa siku moja! Mbuzi humlilia mwenziwe."

Shaame aliuvuta muswada. Aliutafuta ukurasa ule, akaketi mkekani, akachomoa kalamu, akaandika. Bi Mashavu alimchungulia begani, midomo kaibetua. Kwa mara ya kwanza katika mabuku tisa, Jabali alikuwa ameketi, upanga chini, kanga ya marehemu mkononi, hajui aiweke wapi.