Mama wa Ukutani

Mto wa kulalia ndio uliogundua kwamba uvimbe wangu wa shingoni si kifua kikuu, ni saratani ya tezi. Kwa sisi tunaoishi na VVU, ambao kinga yetu ni dhaifu, sheria ni kwamba chumba kinajifunga mpaka dawa imalize kazi, na ukuta wa sebuleni unaazima sauti yako, ukulelee mtoto.

Leo uvimbe umeisha. Kesho mlango utafunguliwa. Jioni hii nikamsikia mwanangu Nakijwa akimsumbua wifi, hataki kulala, nikamwimbia kupitia mlangoni.

"Shangazi, nani huyo?"

"Si mama yako?"

"Muongo! Mama yuko ukutani. Mwambie huyo anyamaze, simsikii mama."

Nikanyamaza, mwanangu apate usingizi.