Uji Usioonjwa

Alhamisi asubuhi, Muhindo aliumwaga uji wake kwenye sahani ya bata wa jirani, kisha akasimama kumtazama.

Bata alikula wote. Akazunguka uwanja, akatikisa mkia, akarudi kuomba mwingine. Muhindo hakuridhika. Sumu ya polepole haina haraka, na bata hakung'olewa jino.

Yeye aling'olewa Jumatatu, katika kliniki ndogo ya mtaa wa Kenya, hapo hapo mjini: jino la mwisho la chini, lile waitalo la hekima, na ukiniuliza mimi, lilitoka na mizizi yote. Jumanne shavu lilivimba, Jumatano likaanza kushuka. Halafu Alhamisi hiyo, siku ambayo wengine waliong'olewa huanza kutafuna, maumivu yakarudi kwa hasira mpya. Yalipanda hadi sikioni. Mdomo ukawa mchungu, na ukatoa harufu iliyomchukiza hata mwenyewe.

Na nyumbani kulikuwa na kitu kimoja tu kipya. Mama Brigitte, mama wa mkewe Princesse, alikuwa amekuja kutoka Kambove kumpikia mkwe uji.

Katika miaka miwili ya ndoa, Muhindo hakuwahi kukaa na mama huyu. Siku ya mahari mama alishinda jikoni. Sasa alikuwa ndani ya nyumba, na mwenendo wake ulikuwa wa ajabu. Anaweka bakuli juu ya kigoda, macho chini, kitenge kimevutwa hadi kwenye paji la uso, kisha anaondoka mbiombio. Hampi mkono. Hamtaji jina. Na haonji.

Hilo la kuonja ndilo lililomnyima raha. Nyumbani kwa baba yake, huko Butembo, aliyekupa chakula au kinywaji alianza yeye, mbele ya macho yako, ndipo ukapokea kwa amani. Muhindo alikuwa amekula mabakuli mawili kabla ya kushtuka. Mabakuli mawili yanatosha.

"Juu ya nini mama yako haonje?" alimuuliza mkewe jioni ya Jumanne.

"Ile ni heshima, chéri. Uko mukwe yake. Mbele ya mukwe hawezi kula, kwetu ni mwiko."

"Heshima gani ya kukimbia muntu sawa mwizi?"

Princesse alicheka, akidhani anataniwa.

Anselme, ndugu yake Muhindo, hakucheka. "Ukikufa, depo yako ya maharagi itabakia na nani?" aliuliza, na swali hilo likaingia moyoni likakaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu jioni ile Muhindo hakumeza tena kitu kilichotoka jikoni kwake. Aliishi kwa sucré, soda baridi za chupa alizoleta Anselme, akazifungua mbele yake, akaonja tone, akampa pamoja na paille, mrija wa kuvutia. Mgonjwa alivuta kwa bidii mpaka chupa ikakoroma.

Ijumaa alirudi kliniki, akiwa na hakika kwamba atapewa karatasi ya kupeleka polisi. Docteur Huguette alimulika taa mdomoni, akakunja pua kidogo.

"Hakuna poison, papa. Ni alveolite. Damu yenye ilikuwa nafunika tundu imetoka, mufupa imebakia wazi. Uko navuta kitu na paille?"

"Sucré tu, docteur."

"Basi ni ile. Kuvuta ndiyo kumeitosha ile damu mu tundu." Akasafisha tundu kwa upole, akaweka dawa yenye harufu ya karafuu. "Wacha paille, wacha kutema-tema. Suuza na maji ya chumvi, polepole. Kunywa uji ya vuguvugu. Nani iko nakupikia?"

"Mama mukwe."

"Uko na bahati, papa."

Alipofika nyumbani, maumivu yalikuwa yamepungua nusu. Shaka haikupungua hata chembe. Docteur ameona tundu. Hakumwona mama yule anavyokimbia. Na nani kasema sumu haiwezi kuingia mwilini pamoja na alveolite?

Jioni, bakuli likaja. Muhindo akasimama mlangoni, akaziba njia.

"Mama, leo onja kwanza."

Princesse aliuacha ufagio ukaanguka. "Muhindo, tafazali. Usimuombe vile."

"Juu ya nini? Kama uji iko muzuri, aonje. Kijiko moja tu, miye nitamaliza yote."

"Unajua kitu yenye uko naomba?"

"Niko naomba amani mu nyumba yangu."

Mama Brigitte alimtazama binti yake, na binti akainamisha kichwa. Kisha mama akakishusha kitenge mabegani, akainua uso. Muhindo akayaona macho yake kwa mara ya kwanza: macho ya Princesse kabisa, ila yamechoka. Mama akaketi kwenye kiti kilichoelekeana na cha mkwe, akachukua kijiko. Akala kimoja. Akala cha pili. Alikula mpaka akalikwangua bakuli, bila kumwondolea macho, huku Princesse akiingia chumbani.

Muhindo aliona aibu, lakini furaha ikaizidi. Hapakuwa na sumu. Hapakuwa na adui. Jino linapona, mama ni mwema, na mke wake ni yule yule aliyempenda. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule usiouma.

"Aksanti, mama. Aksanti sana. Princesse, kuya uone! Sasa tuko famille moja."

Princesse alitoka chumbani na sanduku lake la nguo.

"Mama yangu amekula mbele yako," alisema. "Basi hauko mukwe yake tena."