Komeo la Mlango wa Jikoni

Siku aliyozikwa Dakta Ambakisye, sauti yake ilifundisha kipindi cha asubuhi kama kawaida. Ndivyo sheria ilivyotaka: mhadhiri akifa, mwili huchukuliwa na familia, sauti na ujuzi wake hubaki chuoni ndani ya mashine, vikiendelea kufundisha.

Maisha yake yote aliwafundisha polisi kuzuia uhalifu, na utafiti wake mkubwa ulihusu milango ya nyuma ya nyumba. Hata nyumbani, kila jioni alimuuliza mkewe, Sekela, "Mama Tusa, umefunga komeo?"

Naye Sekela alimjibu kwa utani, "Nimefunga, afande."

Matanga yalipokwisha, Sekela alikwenda chuoni, akaketi nyuma ya makuruta, akanyoosha mkono.

"Baba Tusa, siku hizi huniulizi habari ya komeo."

Sauti ikasema kwa upole uleule wa nyumbani, "Swali zuri, afande. Komeo hupunguza sana wizi wa majumbani. Kuna swali lingine?"

Kuruta aliyekaa jirani akamnong'oneza, "Pole, mama. Sote hutuita afande."

Sasa mlango wa jikoni kwa Sekela unalala bila kufungwa komeo.