Kidole cha Golikipa

Kidole cha kati cha Mokami kilikuwa kimevimba hadi kikaijaza glavu, na hakuna aliyejua. Aliumia dakika za mwisho, alipopangua shuti la wasichana wa Serengeti.

Sasa zilikuwa zinakuja penati. Timu itakayoshinda hapa Tarime ingeuwakilisha mkoa Dar es Salaam, na huko ndiko wangechaguliwa wa kwenda kucheza nje ya nchi.

"Mokami, uko sawa?" kocha akauliza.

"Niko sawa, mwalimu."

Hakuweza kutulia. Alizunguka golini, akapiga nguzo ya goli teke, akajaribu kukunja ngumi. Kidole kikagoma. Maumivu yakampanda hadi begani, machozi yakamlenga.

Kule benchi, golikipa wa akiba, ambaye hakuwa amecheza mechi hata moja, alikuwa anatafuna kola ya jezi yake.

Mwamuzi alipotenga mpira, Mokami akainua mkono. "Subiri, refa!" Akavua glavu kwa meno, akamwendea mwenzake.

"Vaa. Zina jasho, lakini vaa."

"Mimi? Mimi naogopa, Mokami."

"Hata mimi naogopa. Nenda."

Filimbi ikalia. Mpigaji akaukimbilia mpira, na Mokami, huku nje ya uwanja, akajikuta ameruka kushoto mzima mzima, akaangukia mkono ule ule unaouma.

Alipoinua uso, mdomo umejaa vumbi, mpira ulikuwa umekumbatiwa kifuani mwa mwenzake.

Na huo ulikuwa mkwaju wa kwanza tu.