Makosa Yote ya Marehemu

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na mpaka leo hakatai. Anachobishania ni kiasi tu.

Asubuhi alifunga tai mara tatu mbele ya kioo, huku bomba la jikoni likidondosha tone, tone, tone.

"Mpangaji wa zamani alituharibia hili bomba," akasema, kama alivyosema kila asubuhi.

"Mwaka wa saba huu, baba watoto," mkewe akajibu akimnyoosha kola. "Leo ukikosa cheo, usije ukamsingizia mpangaji."

"Wasiponipa, shauri yao."

Lakini moyoni alijua ni shauri yake. Cheo chenyewe kilikuwa ukuu wa mafundi wa programu katika kampuni ya kusambaza vifurushi, ambako alikuwa amekalia kiti kimoja miaka tisa, mpaka kiti kikachukua umbo lake. Vijana aliowafundisha kazi walishampita, sasa ni wakubwa huko kwingine. Na mkurugenzi alikuwa amesema wazi: safari hii asipofaa, analetwa mtu wa nje, na habari ya cheo iishe.

Kazini walimwita Daktari, maana mfumo ulipougua yeye ndiye aliyeamshwa. Na kila alipoupima, aligundua ugonjwa uleule: Marehemu.

Marehemu hakuwa amekufa. Alikuwa fundi wa kwanza wa kampuni, aliyeujenga mfumo peke yake kisha akaacha kazi ghafla, mwezi mmoja kabla Daktari hajaajiriwa. Hawakuwahi kuonana. Alikokwenda hakuna aliyejua. Wengine walisema ng'ambo, wengine walisema akili zilimruka. Ofisi nzima ilimpenda kwa sababu moja: alikuwa habishi. Mteja aliyeagiza sufuria akipelekewa viatu, Marehemu. Printa ikigoma, Marehemu. Juzi chai ilimwagika kwenye kibodi, na mtu akapaza sauti, "Marehemu huyo!" wakacheka mpaka wakasahau kuifuta.

Mlangoni mwa chumba cha usaili Daktari alimkuta mzee mmoja mwenye buti za mpira, ameshika trei ya mayai.

"Mzee wangu, shikamoo. Mayai yanapelekwa jikoni, ghorofa ya chini."

"Marahaba. Ahsante, mwanangu," mzee akasema, akaingia ndani vilevile.

Daktari alipoitwa, akamkuta ameketi upande wa pili wa meza, katikati ya mkurugenzi na mama wa utumishi, trei mbele yake.

"Huyu ni rafiki wa kampuni," mkurugenzi akasema. "Tumemwomba aje kutusikilizia."

Mwenye jengo huyu, Daktari akawaza. Wenye majengo wana vituko vyao. Akamtupia tabasamu la heshima.

Mkurugenzi akamsogezea karatasi iliyochapwa mistari ya programu. Juu, penye jina la mwandishi na tarehe, palikuwa pamebandikwa kipande cha karatasi.

"Soma kwanza. Kisha utuambie, mtu aliyeandika hivi ungemfanya nini ukiwa mkuu wake?"

Mstari wa kwanza, Daktari akaguna. Wa tano, akacheka. Kufika wa kumi akavua miwani, akaipangusa, akairudisha, kama mtu asiyeamini macho yake.

"Jamani! Anwani ikikosa namba ya nyumba, mfumo unapeleka kifurushi nyumba namba moja! Mtaa wowote! Kumbe ndiyo maana wa namba moja wote wamejaa viatu vya watu!" Akapiga meza, mayai yakatikisika. "Hapa hamna haja ya kutafuta mbali. Huyu ni Marehemu. Kazi yake naijua kama ninavyoijua sauti ya mke wangu."

"Una hakika?" akauliza mama wa utumishi.

"Mama, sehemu hii ya anwani, tangu aondoke, haijaguswa na mkono mwingine ila wangu. Miaka tisa nafagia uchafu wa mtu huyu."

Mzee akainua kichwa. "Na huyo Marehemu alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Uvivu, mzee wangu. Ukachanganyika na ujeuri." Daktari alikuwa amenoga sasa. "Tazama alivyowaachia ujumbe wenzake humu ndani: 'Usiguse hapa. Ukigusa, shauri yako.' Mtu wa hivi haonywi. Unamfungashia vitu vyake mchana huohuo, unamsindikiza mpaka getini, na kufuli unabadilisha."

Mama wa utumishi akaandika yote, neno kwa neno.

"Humwonei huruma hata kidogo?" mkurugenzi akauliza. "Labda alikuwa amechoka. Labda tulimpa siku mbili tu."

"Bosi, visingizio ndivyo vilivyotufikisha hapa."

Mkurugenzi akakohoa. Akaichukua karatasi, akabandua kile kipande cha juu taratibu, akasoma, akampa mzee. "Mimi naona kama si Marehemu huyu."

"Ni yeye!"

"Tarehe inasema vingine."

"Tarehe zinakosewa, bosi! Hata hizo atakuwa amezivuruga yeye." Daktari akaegemea nyuma, mikono kifuani, cheo kama anakiona kwa macho. "Kama mnabisha, mtafuteni huko aliko, mumuulize mwenyewe!"

Mzee akaisogeza trei ya mayai pembeni ili amwone vizuri.

"Marehemu ni mimi, mwanangu. Na ukurasa huu umeandikwa miaka minne baada ya ninyi kunizika."