Kamera Isiyolia

“Toa hiyo lenzi pana, mwanangu, itanifanya niwe na pua kama kiazi,” baba alinong'ona kitandani alipokuwa akiugua. “Weka ile ya sura.”

Binti akabadilisha. Kamera yake mpya ni ya kisasa, haina kioo cha kugonga ndani, hupiga kimya kimya.

Baba akabana pumzi, kama alivyowaamuru wateja wa studio yake ya picha maisha yote: usipumue mpaka usikie mlio wa kamera.

Binti akapiga.

“Tayari, baba. Pumua.”

Baba hakumwamini, maana hakusikia kitu. Akazidi kuikodolea lenzi macho, mshipa wa shingo ukicheza kwenye skrini.

Kisha mshipa ukatulia.

Binti akagonga ulimi kwenye kaakaa, kachak, kama kamera ya zamani. Akagonga tena. Akagonga kwa nguvu.