Kuanzia Kesho Asubuhi

Kila Ijumaa kipaza sauti cha ukutani kilitaja maneno ya kuazima yanayorudishwa yalikotoka. Ukiyatamka baada ya hapo, unachukuliwa. Wiki iliyopita "meza" ilirudishwa kwa Wareno. Mwatime akaanza kuiita "kile cha miguu minne", na binti yake Chausiku, mgonjwa wa pumu, akacheka sana.

Leo kilisema: "Dawa. Msaada. Yote kwa Waarabu, kuanzia kesho asubuhi."

Chausiku hakucheka. "Mama, nikibanwa na kifua wewe hupo, niseme nini?"

"Piga mayowe tu, mwanangu. Majirani watakuja."

"Si kila mtu atakuwa anapiga mayowe?"

Kabla Mwatime hajajibu, mayowe yakasikika nyumba ya pili.

"Anajizoeza tu," akasema, akabaki amekaa.